Orodha Aliyoachiwa Bibi Kizee: Wachungaji, Wazee wa Kanisa na Ugomvi wa Karne Kumi na Tisa

Mwanzoni mwa karne ya nne, Askofu Mensurius wa Karthago aliitwa Rumi kwa mtawala Maxentius. Shemasi wake mmoja alikuwa amemwandikia mtawala maneno makali, na askofu alikuwa amekataa kumtoa. Kabla ya kupanda merikebu ilimbidi aamue vyombo vya kanisa vitabaki na nani. Dhahabu na fedha zilikuwa nyingi mno kufukiwa ardhini, na kuzibeba safarini ilikuwa kujitafutia kifo. Akaziweka mikononi mwa wazee wa kanisa, yaani viongozi wa waumini ambao hawakuwa makasisi. Lakini hakuishia hapo. Aliandika orodha ya kila chombo, akampa bibi kizee mmoja, akamwagiza: nisiporudi, mkabidhi yule utakayemwona ameketi katika kiti changu.

Mensurius hakurudi. Alifia njiani, na Caecilian akachaguliwa mahali pake. Bibi akatoa orodha. Wazee wakaitwa waoneshe vyombo, na hapo ikadhihirika kwamba amana ilikuwa imeingia midomoni mwa watu. Anayetusimulia haya ni Optatus, askofu wa Milevis, aliyeandika zaidi ya miaka hamsini baadaye na aliyekuwa upande wa Caecilian, kwa hiyo hatupaswi kumsikiliza kama shahidi asiye na upande. Hata hivyo anasema wazi kwamba wazee wale, walipobanwa na orodha, walijitenga na askofu wao na kuungana na wapinzani wake. Ndivyo ulivyoanza mfarakano wa Wadonato, uliolipasua kanisa la Afrika Kaskazini kwa zaidi ya miaka mia moja.

Jina la bibi yule halikuandikwa popote. Nimekuwa nikimfikiria kwa miaka mingi, tangu nilipokuwa darasa la tatu na kuukuta mlango wa kanisa letu umefungwa kwa kufuli mbili, moja ya mchungaji na nyingine ya wazee wa usharika. Jumapili ile sisi watoto tuliimbia chini ya mwembe. Watu wazima walituambia tusiulize, ni mambo ya mafundisho ya imani. Nilishakuwa mtu mzima nilipokuja kujua kwamba lilikuwa ni shamba la kahawa la usharika: nani aliuza mavuno, na hesabu ziko wapi.

Ugomvi kati ya wachungaji na viongozi wa waumini husimuliwa hivyo karibu siku zote. Kwanza huvaa joho la imani, au hufanywa kuwa suala la tabia: mchungaji ana kiburi, wazee wana uchu wa madaraka. Ukiufuata hadi shinani unakuta ufunguo, unakuta fedha, na unakuta mtu ambaye maisha yake yalikuwa yanajadiliwa lakini yeye mwenyewe hakuulizwa.

Ugomvi wa kwanza tunaoujua ulikuwa wa chakula. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasimulia kwamba Yerusalemu waumini waliosema Kigiriki walinung'unika kwa sababu wajane wao walikuwa wanarukwa katika mgawo wa kila siku. Mitume wangeweza kutuma mtu wa kuchunguza, au kuhubiri juu ya uvumilivu. Badala yake waliwaambia waumini wachague watu saba wa kusimamia meza. Soma majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kigiriki. Meza ilikabidhiwa kwa upande uliokuwa unalalamika. Sijui kama kuna kikao cha sinodi tangu siku ile kilichofanya jambo la busara kuliko hilo, na tutaona jinsi lilivyosahaulika mara kwa mara.

Mwaka 96 hivi, kanisa la Rumi liliwaandikia ndugu wa Korintho waraka mrefu tunaouita wa Klementi. Waumini wa Korintho, wakiongozwa na kundi dogo la watu wenye sauti kubwa, walikuwa wamewaondoa wazee wao madarakani, na waraka unasisitiza kwamba wazee hao walitumika bila lawama. Mimi naupenda waraka huo kwa mambo mawili. Ulipelekwa na watu, si karatasi peke yake: wajumbe watatu walisafiri, watu waliokuwa wamekaa katika kanisa la Rumi tangu ujana wao hadi uzee. Na uliwaomba wale waliosababisha vurugu waondoke kwa hiari yao, wahamie pengine, ili kundi lipate amani. Haukutaka wapigwe wala waaibishwe.

Miaka mia moja na hamsini baadaye Cyprian wa Karthago alipigiwa kelele na waumini hata akawa askofu, huku baadhi ya makasisi wakimpinga. Mateso ya mfalme Decius yalipoanza mwaka 250 alijificha, akaliongoza kanisa kwa barua. Huku nyuma, waumini waliofungwa kwa ajili ya imani walianza kutoa hati za msamaha kwa wale walioikana. Nani mwenye haki ya kusamehe: askofu aliyejificha, au mlei aliyeteswa? Cyprian alishikilia kwamba tangu alipopata uaskofu alikusudia kutofanya jambo bila shauri la makasisi na ridhaa ya waumini. Wapo waliosema alilikumbuka hilo pale lilipomfaa. Mwaka 258 alikatwa kichwa kwa ajili ya imani, na mashtaka ya woga yakaishia hapo.

Turudi kwa wazee wa Afrika Kaskazini, kwa maana huko ndiko tunakowaona waziwazi. Katika mji wa Cirta, unaoitwa Constantine siku hizi huko Algeria, maofisa wa serikali waliingia kanisani mwaka 303 na kuandika kila walichokikuta. Orodha hiyo ipo hadi leo. Vikombe 2 vya dhahabu, vikombe 6 vya fedha, taa za shaba zenye minyororo, halafu nguo: kanzu za kike 82, viatu vya kike jozi 47, na vya kiume jozi 13 tu. Ndiyo stoo ya kanisa la karne ya nne, na kwa sehemu kubwa ilikuwa mali ya wajane na maskini. Miaka kumi na saba baadaye, mwaka 320, mambo ya mji huohuo yalifika mbele ya gavana Zenophilus, baada ya shemasi mmoja kugombana na askofu wake Silvanus. Ushahidi ukatoka kwamba mwanamke tajiri aitwaye Lucilla alitoa mifuko 400 ya fedha iliyotakiwa kuwafikia maskini, maaskofu wakagawana, na watu wa kawaida hawakupata kitu. Lucilla alikuwa na kinyongo chake: Caecilian, akiwa bado shemasi, alimkaripia hadharani kwa kubusu mfupa wa shahidi kabla ya komunyo. Fedha zake zilisaidia kumpandisha Majorinus, mtu wa nyumbani kwake, awe askofu wa kumpinga Caecilian.

Mwaka 411 pande mbili zilikutana Karthago kwa amri ya mfalme, maaskofu wapatao 280 kila upande, na mjumbe wa mfalme akatoa uamuzi. Karne nzima ya damu na makanisa yaliyonyang'anywa ilikuwa imepita. Wanahistoria wa dini huandika sana juu ya tofauti ya kitheolojia kati yao, na tofauti ilikuwepo kweli. Lakini mimi naiona orodha ya bibi imekaa pale chini ya yote.

Nazipita karne zilizofuata bila kukaa, kwa sababu katika sehemu kubwa ya Ulaya mlei alibaki kuwa mtu wa kusikiliza, isipokuwa akiwa mfalme au mwenye ardhi. Mzee wa kanisa kama tunavyomjua katika madhehebu mengi ya kwetu alirudi kwa nguvu Geneva. John Calvin alifukuzwa mji huo mwaka 1538 na baraza la mji, akaitwa tena mwaka 1541, na safari hii alikuja na utaratibu ulioandikwa: wachungaji pamoja na wazee 12 waliotoka katika mabaraza ya mji wakae kila Alhamisi kusikiliza mashauri ya waumini. Ilichukua hadi mwaka 1555 kuamuliwa kwa vitendo nani anaweza kumzuia mtu asishiriki meza ya Bwana, baraza la mji au kikao hiki. Miaka kumi na minne! Nawataja watu wa Geneva ili wale wanaovunjika moyo kwa sababu katiba ya dayosisi yao imejadiliwa vikao vitatu bila kupita wajue wana wenzao.

Kutoka Geneva utaratibu ulikwenda Uskoti, na kutoka Uskoti ulikuja kwetu, kwa hiyo kisa cha Auchterarder kinatuhusu. Kwa sheria ya mwaka 1712, mwenye ardhi mkubwa ndiye aliyekuwa na haki ya kuchagua mchungaji. Mwaka 1834 mwenye haki hiyo katika parokia ya Auchterarder alimleta Robert Young. Wakuu wa familia wawili tu walitia sahihi ya kumkubali. Zaidi ya 280 walimkataa. Mahakama ikaamua kwamba haki ya mwenye ardhi ni mali yake na waumini hawana la kusema. Mgogoro ulikua hadi tarehe 18 Mei 1843, ambapo wachungaji zaidi ya 450 walitoka katika Kanisa la Uskoti, wakaacha mishahara na nyumba zao, wakaanza upya. Watoto na wajukuu wa pande zote mbili ndio waliokuja kujenga misheni Kikuyu na Tumutumu, huko Kenya. Walikuja wakijua vyema uchungu wa watu kuletewa kiongozi wasiyemtaka.

Pwani yetu mambo yalianza na watu waliokombolewa utumwani. William Jones alitekwa akiwa mtoto, akakombolewa, akalelewa na misheni huko India, akarudi Mombasa mtu mzima. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimpa ushemasi pamoja na Ishmael Semler. Katika Rabai, Jones na waumini wake walikuwa wanawapokea watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Wakuu wa misheni walikuwa wamewaahidi wenye mamlaka kwamba hawatawapokea. Waliohesabiwa mwishoni mwa mwaka 1888 katika vituo vya misheni walizidi 1,400, na mwanzoni mwa 1889 kampuni ya Kiingereza iliwalipa mabwana wao fidia ili watu hao wapewe hati za uhuru. Sina shaka nani alikuwa sahihi. Wakuu walikuwa wanalinda kibali cha misheni. Watu wa Rabai walikuwa wanafungua mlango usiku kwa mtu ambaye hali yake waliijua kwa ngozi zao wenyewe.

Lakini ni Buganda ndiko ninakotaka kukaa kidogo, kwa sababu huko kanisa la wazee lilitangulia kanisa la makasisi. Mwaka 1885 wamisionari wa Kianglikana, wakitazamia kufukuzwa wakati wowote, waliunda baraza la wazee kutoka kwa waumini. Oktoba mwaka huo Hannington aliuawa Busoga. Mwaka uliofuata vijana waumini wakachomwa moto Namugongo. Mwaka 1888 Wakristo walifukuzwa Buganda na kukimbilia upande wa Ankole. Katika miaka hiyo yote hakukuwa na kasisi hata mmoja Mganda. Waliofundisha, waliobatiza pale ilipobidi, waliozika na waliosuluhisha ni watu kama Nikodemo Sebwato, Henry Wright Duta, Sembera Mackay na Zakaria Kizito.

Askofu Alfred Tucker alipofika Desemba 1890 alikuta watu walioongoza chini ya moto. Haikupita muda akawawekea mikono sita kati yao kuwa wainjilisti, na mwaka 1893 akawapa kadhaa ushemasi. Kisha mwaka 1897 akaleta rasimu ya katiba ya kanisa. Kiini chake kilikuwa chepesi kueleza na kigumu kumeza: kanisa moja, sheria moja, na wamisionari wawe ndani yake sawa na Waganda, wahesabiwe, wapige kura, na washindwe wakishindwa. Wamisionari walikataa. Walikuwa tayari kulifundisha kanisa, lakini kuhukumiwa nalo hawakuwa tayari. Katiba ilipopita hatimaye mwaka 1909, Tucker alikuwa hajapata alichokitaka katika suala hilo, na miaka miwili baadaye aliondoka.

Nampenda Tucker, lakini haki itendeke kwa wasiotajwa. Wazee wa Buganda walikuwa pia machifu. Sebwato alikuwa Pokino, mtawala wa Buddu. Mkulima aliyeketi nyuma kanisani alimwona mtu yuleyule akikusanya kodi Jumatatu. Tunaposema wazee walisimama kwa niaba ya waumini, tuulize ni waumini gani.

Swali hilo linauma zaidi tukifika Ugikuyu mwaka 1929. Dakta John Arthur wa misheni ya Waskoti, pamoja na misheni nyingine, aliwataka walimu, wazee na waumini waweke dole gumba kwenye tamko la kukataa tohara ya wasichana na kujitenga na KCA, chama cha siasa kilichopigania ardhi. Tamko hilo watu waliliita kirore. Waliokataa walitengwa, na misheni ikapoteza sehemu kubwa ya washirika wake katika wiki chache. Vijana waliimba Muthirigu barabarani hadi serikali ikapiga wimbo huo marufuku. Mwaka uleule wa 1929, kule Edinburgh, Kanisa la Uskoti na sehemu kubwa ya warithi wa wale waliotoka mwaka 1843 walikuwa wanasherehekea kuungana tena, baada ya miaka 86 ya kujifunza kwamba waumini hawaongozwi kwa amri.

Nasema bila kuficha: tohara ile iliwadhuru wasichana, na Arthur aliyeiona katika hospitali ya misheni hakuwa anazua. Lakini kirore kilitaka mwalimu achague kati ya kazi yake na ukoo wake kwa alama moja ya wino, na kilichanganya kisu na siasa ya ardhi katika karatasi moja. Kila upande ulidai unamtetea msichana. Katika majadiliano ya wanaume wa Kizungu na wanaume wa Kigikuyu, yeye hakuitwa mezani.

Waliotoka walijenga shule zao kwa michango yao, na mwaka 1939 chuo cha Githunguri. Walikosa kitu kimoja: kasisi wa kubatiza watoto wao. Kwa hiyo wazee waliokuwa wamewakimbia makasisi walikaa, wakachanga, wakamleta Askofu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini mwaka 1935, akafundisha na kuwapa vijana daraja kabla ya kuondoka mwaka 1937. Alipoondoka, waligawanyika tena kati ya Kanisa la Othodoksi na lile la AIPC. Wazee wasio na mchungaji, sawa na mchungaji asiye na wazee, wana njaa ambayo hawawezi kujishibisha wenyewe.

Katika miaka hiyohiyo jambo jingine lilikuwa linawaka Gahini, Rwanda. Uamsho wa Afrika Mashariki ulikuwa wa walei kwa sehemu kubwa. Simeoni Nsibambi wa Kampala hakuwa kasisi, wala William Nagenda, wala Joe Church, daktari wa misheni. Ndugu waliookoka waliungama dhambi hadharani, wakaita hilo kutembea nuruni, na wakawataka wachungaji wao wafanye vivyo hivyo. Fikiria mchungaji aliyetumika miaka ishirini akisimamishwa na karani kijana na kuambiwa atubu. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, wanafunzi 26 pamoja na Nagenda walifukuzwa kwa kukataa kuacha mikutano yao ya alfajiri.

Uganda ilikuwa karibu kupasuka. Haikupasuka. Askofu Cyril Stuart aliyumba, alikemea, alisikiliza, akakemea tena, lakini hakuwafunga mlango kabisa, na ndugu nao waliendelea kukaa katika viti vya kanisa lilelile walilolisema. Ng'ambo ya ziwa, huko Nyanza, mambo yalikwenda vingine. Ndugu waliojiita watu wa damu, Joremo, walisigana na waliojiita watu wa upendo, Johera, na mwaka 1957 Matthew Ajuoga, kasisi wa Kianglikana, akatoka na wafuasi wake kuanzisha Kanisa la Kristo katika Afrika. Uamsho ni mmoja, dayosisi mbili, matokeo mawili. Naamini tofauti ilikuwa katika uvumilivu wa kuketi pamoja na mtu anayekuudhi kwa miaka kumi bila kutafuta ushindi.

Na ndiyo maana kisa cha Erica Sabiti kinanigusa. Alikuwa Mnyankole, mchungaji wa mwanzo kabisa kuupokea uamsho katika eneo lake, na mwaka 1966 akawa Askofu Mkuu wa kwanza Mwafrika wa kanisa lililojumuisha Uganda, Rwanda na Burundi. Kiti kilikuwa Namirembe, katikati ya Buganda, ambako watu walihesabu kanisa kuwa ni lao kwa damu ya mashahidi wao. Mwaka huohuo serikali ilishambulia kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, na uchungu wa Waganda ukawa mkubwa kuliko kanisa. Sabiti hakupewa makao Namirembe. Aliongoza akiwa Fort Portal, mamia ya kilomita magharibi. Mabishano ya katiba yaliendelea hadi Idi Amin alipowaita viongozi wa kanisa mwishoni mwa 1971 akiwataka wapatane, jambo ambalo hakuna kanisa linalopaswa kujivunia. Mwaka 1972 ikaundwa dayosisi ya Kampala, ndogo, ili Askofu Mkuu awe na mahali pa kuweka kiti chake.

Wale wajane wa Yerusalemu wangeielewa hali hiyo. Na wangewaelewa Wameru wa Tanzania. Kilutheri kilifika kwao kwa damu: wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock waliuawa Akeri mwaka 1896. Baada ya uhuru Wameru walikuwa ndani ya Dayosisi ya Kaskazini, ambayo makao yake yalikuwa Moshi. Wazee wao walitaka dayosisi yao, ili sadaka zao na maamuzi ya shule na hospitali zao vikae karibu na nyumbani. Kuanzia mwaka 1990 hadi 1993 ugomvi huo ulifikia uharibifu wa mali na kugawanya familia, watu waliokuwa wamekula pamoja Krismasi wakikwepana njiani. Dayosisi ya Meru ilipatikana mwaka 1992, lakini tayari wengine walikuwa wameshajitenga.

Wakatoliki wana kisa chao, na kimesimuliwa kwa Kiswahili. Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alianza mwaka 1953 kukutana na wafanyakazi wa migodi na wake zao huko Kolwezi, Katanga. Likatokea kundi la Jamaa. Waliitana baba na mama, walipita njia moja baada ya nyingine katika mafundisho, na mawazo yao makuu yalikuwa maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Mchimba shaba na mkewe waliweza kumzaa padri kiroho, naye akawaita wazazi. Kwa mtu aliyeishi kambini, akiitwa kwa namba kazini na akipangwa mstari kanisani, hiyo ilikuwa heshima ambayo hakuwahi kupewa. Kwa maaskofu ilikuwa hatari, na baadhi ya vikundi vilikwenda mbali kweli. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 maaskofu walianza kuwataka wanajamaa wayakane mafundisho yaliyoonekana potofu, na waliokataa wakazuiliwa sakramenti. Wakati huohuo maaskofu wa Afrika Mashariki walikuwa wanatafuta namna ya kuwapa walei nafasi. Mwaka 1973 na 1976 mikutano ya AMECEA, umoja wa maaskofu hao, iliamua kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe msingi wa kanisa katika Afrika Mashariki, na jumuiya hizo zipo hadi leo katika kila mtaa wenye Wakatoliki, zikikutana kwa zamu majumbani.

Aliyewatangulia wote hao kwa miongo mitatu ni Joseph Kiwanuka. Mwaka 1939 aliwekwa kuwa askofu Roma na kupewa Masaka huko Uganda, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu kuongoza eneo la Kanisa Katoliki kusini mwa Sahara, akiwa na mapadri Waafrika watupu. Wengi walisubiri aanguke. Alianzisha mabaraza ya parokia yaliyochaguliwa na waumini wenyewe, na vyama vya wazazi kwa ajili ya shule, wakati parokia nyingi za Ulaya hazikuwa zimefikiria kitu kama hicho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa bado miaka zaidi ya ishirini mbele. Hakusubiri ugomvi uje ndipo atafute watu wa kushika meza. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaifanya halmashauri ya fedha kuwa lazima katika kila parokia, ingawa baraza la kichungaji limebaki la kutoa ushauri tu, na paroko anaweza kuusikia ushauri huo na kuuacha. Hapo ndipo wenyeviti wengi wa halmashauri walei wanapoumia kimya kimya, kikao baada ya kikao.

Kufuli mbili za usharika wetu zilikaa mlangoni majuma matano. Mkuu wa jimbo alikuja mara ya kwanza akahutubia, akaondoka. Mara ya pili alikaa siku tatu, alilala nyumba ya mwinjilisti, akazunguka kaya kwa kaya akinywa chai na kusikiliza. Siku ya nne kufuli zilifunguliwa. Mchungaji alibaki hadi mwisho wa mwaka, akahamishwa kituo. Wazee wawili walijiuzulu. Daftari la shamba alipewa mama mmoja mjane, muuza dagaa wa sokoni, ambaye hakuwa mzee wa kanisa wala hakuwahi kusema neno katika mkutano. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya mnada, alisimama mbele ya madhabahu na kusoma kwa sauti yake nyembamba, bila haraka, huku mchungaji mpya na wazee wakiwa wameketi pamoja na sisi wengine: kahawa, magunia manne. Ndizi, mikungu saba. Kuku, watatu. Mayai, thelathini na moja, moja limevunjika.